ALIYEANZA KOSA KISHA AKAGHAIRI

Wako watu wengi, na miongoni mwao wasomi, waaminio ya kuwa mtu aliyekusudia uovu kisha akaghairi kwa hiari yake mwenyewe hana deni lo lote mbele ya sheria. Husema, "Hakuiba, basi kosa lake ni lipi?" Maneno hayo yana sura ya haki, na hakuna mzee wa baraza asiyemsifu mtu aliyegeuza moyo wake kabla ya kudhuru jirani. Hata hivyo Kanuni ya Adhabu ya Kenya haisemi hivyo, na tofauti iliyopo baina ya maoni ya watu na maandishi ya sheria yaweza kumgharimu mtu miaka kadhaa ya maisha yake.

Mfano ni huu. Mtu mmoja ana madeni, na jirani yake ana ng'ombe wa maziwa. Usiku mmoja mtu huyo achukua kamba na koleo, apita katikati ya mahindi, afika kwenye boma la jirani, akata nyaya mbili za seng'enge, na kuondoa mti mmoja wa mlangoni. Akisimama hapo na kamba mkononi, awakumbuka watoto wa nyumba ile wanaokunywa maziwa ya ng'ombe yule. Moyo wamshinda. Aurudisha mti mahali pake, aenda zake nyumbani na kulala. Ng'ombe hakuguswa. Lakini asubuhi nyaya zaonekana zimekatwa, nyayo zafuatwa hadi mlangoni kwake, na askari wafika. Naye, kwa kuwa ni mtu asiyezoea uongo, aeleza mambo yote kama yalivyokuwa, akitumaini kwamba kughairi kwake kutamwokoa.

Hakutamwokoa. Kifungu cha 388 cha Kanuni ya Adhabu chaeleza maana ya kujaribu kutenda kosa. Mtu aliyekusudia kosa, akaanza kulitekeleza kusudi lake kwa njia ifaayo kulitimiza, na akalidhihirisha kusudi hilo kwa kitendo cha wazi, huhesabiwa kuwa amejaribu kutenda kosa ingawa hakulimaliza. Kisha kifungu hicho chaongeza jambo ambalo wasomaji wengi hawalitazamii. Chasema kwamba, isipokuwa kwa habari ya adhabu, si kitu kama mkosaji alifanya yote yaliyompasa kufanya, au kama alizuiwa na mambo yasiyotokana na nia yake, au kama aliacha mwenyewe kwa hiari yake. Watu watatu hao, yaani aliyekosea shabaha, aliyekamatwa njiani, na aliyegeuka nyuma kwa huruma, wote wamesimamishwa mstari mmoja.

Maneno yanayostahili kuangaliwa sana ni yale ya "isipokuwa kwa habari ya adhabu". Hapo ndipo penye mlango mdogo uliobakizwa kwa mwenye kughairi, nao hauelekei kwenye kuachiliwa kwamba hana hatia, bali kwenye kupunguziwa. Asiyeujua mlango huo hupiga ukuta bure.

Chimbuko la maneno haya liko mbali. Kanuni ya Adhabu ilianza kutumika nchini Kenya mwaka 1930, ikachukua mahali pa Kanuni ya Adhabu ya India iliyokuwa ikitumika hapo kwanza. Mfano wake ni kanuni ya Queensland, katika Australia, iliyotungwa na Sir Samuel Griffith na kupitishwa mwaka 1899. Tanganyika na Uganda nazo zilipokea kanuni za jamii hiyo hiyo mwaka 1930. Ajabu ni kwamba huko Queensland kanuni yenyewe ilimwekea mwenye kughairi fungu lake: akithibitisha kwamba aliacha kwa hiari yake, adhabu ya juu awezayo kupewa ni nusu tu ya ile ambayo angepewa mwingine aliyejaribu. Jambo hilo liliandikwa kwa hesabu iliyo wazi. Kwa mkulima wa Kenya limeachwa katika busara ya hakimu, na busara za mahakimu hazilingani.

Sasa, ni lini mtu huhesabiwa kuwa ameanza? Hili ndilo swali kubwa kuliko yote, kwa maana aliyegeuka nyuma kabla ya kuanza hakujaribu lo lote. Sheria haimwadhibu mtu kwa mawazo yake. Wala kwa kawaida haimwadhibu kwa kujitayarisha. Mtu aweza kulala akiwaza ng'ombe wa jirani mwaka mzima, aweza hata kununua kamba kwa nia hiyo, na akiiacha kamba ile nyumbani kwake hajavuka mpaka.

Liko shauri la Uingereza la mwaka 1859, shauri la Taylor, ambalo lafaa kukumbukwa na kila mwenye shamba. Taylor aliomba msaada kwa mwenye mali, akanyimwa, akatishia kuchoma moto. Alikwenda kwenye lundo la majani makavu, akapiga magoti karibu nalo, akawasha kijiti cha kibiriti. Alipotambua kwamba anatazamwa alikizima kwa kukipuliza, akaondoka. Majani hayakuungua hata jani moja. Jaji Pollock alieleza kwamba kununua kasha la kibiriti kwa nia ya kuchoma nyumba hakutoshi kuwa jaribio. Lazima kitendo kiwe kinaelekea moja kwa moja kwenye kosa lenyewe. Kuwasha kijiti kando ya lundo kulitosha. Taylor alionekana ana hatia.

Katika shauri hilo umbali baina ya dukani na lundoni ndio umbali wenyewe unaotafutwa na mahakama. Mtu aliyenunua kibiriti yuko upande huu wa mto. Aliyekiwasha karibu na majani yuko upande wa pili. Walio katikati ya maji ndio wanaosumbua mahakama, nao ni wengi: aliyepita mbele ya duka mara tatu usiku, aliyejificha katika kahawa akingoja taa izimwe, aliyeweka mkono juu ya kitasa na asikizungushe. Hakuna kipimo kimoja kiwezacho kuwakata wote. Hakimu hutazama kila shauri kwa mambo yake, akijiuliza kama kitendo kilikuwa kimeshikana na kosa lenyewe au kilikuwa cha maandalizi tu. Mtu wa mfano wetu, aliyekata nyaya na kuondoa mti wa mlangoni, ni vigumu kumwona kama mwenye kujitayarisha.

Tena isidhaniwe kwamba matayarisho yote ni salama. Mtu akionekana usiku amechukua vyombo vya kuvunjia nyumba bila sababu ya haki, hilo ni kosa pekee lake chini ya kifungu cha 308, hata kama hajafika kwenye nyumba ya mtu.

Yafaa kurudi kwa Taylor kidogo. Yeye hakughairi kwa huruma. Aliacha kwa sababu ya macho ya watu. Wengi watasema kwamba huyo hakutubu, aliogopa tu, na kwamba yule aliyewakumbuka watoto wa jirani ni mtu mwingine kabisa. Kwa kipimo cha maadili wasema kweli. Kwa kipimo cha hatia katika sheria ya Kenya hakuna tofauti kati yao, kwani hatia ilikwisha kuingia wakati kijiti kilipowaka na wakati waya ulipokatwa. Tofauti yao huonekana baadaye, wakati wa kupima adhabu. Mbwa akibweka na mwizi akakimbia, kukimbia huko hakumpi sifa ya kughairi. Mbwa wakiwa kimya, mwenyewe amelala, njia iko wazi, na mtu akageuka nyuma, hapo ana neno la kusema.

Kwa habari ya adhabu yenyewe, kifungu cha 389 chasema kwamba aliyejaribu kosa ambalo halikuwekewa adhabu nyingine aweza kupewa hadi nusu ya adhabu ya kosa lenyewe. Na kama kosa hilo ni la kifo au la kifungo cha maisha, asifungwe zaidi ya miaka 7. Wizi wa mifugo una kifungo cha hadi miaka 14, kwa hiyo aliyejaribu na kughairi bomani yumo katika hatari ya miaka 7. Lakini yako majaribio yaliyowekewa adhabu zao wenyewe. Kujaribu kuchoma nyumba ni hadi miaka 14. Kujaribu kuchoma mazao ni hadi miaka 7. Kujaribu kuua ni hadi kifungo cha maisha. Hesabu hizo ni za juu kabisa, si za kila siku. Hakimu aweza kushuka chini yake sana, na kifungu cha 35 chamruhusu hata kumwachilia mtu bila adhabu, au kwa sharti la kutotenda kosa tena kwa muda fulani, akiona kwamba kumwadhibu hakufai.

Makarani wana hatari yao ya pekee, nayo ni kubwa kuliko ya mkulima, kwa sababu makosa ya kalamu hukamilika upesi. Mtu hudhani bado yuko katika kujaribu, kumbe amekwisha kumaliza.

Karani wa chama cha ushirika aandika hati ya malipo ya uongo kwa jina la mkulima asiyeleta maziwa, atia na sahihi ya mkulima huyo, akikusudia kwenda kuchukua fedha siku ya Ijumaa. Alhamisi ajuta, aichana hati na kuitupa. Je, amejaribu kughushi? La, amekwisha kughushi. Kughushi ni kutengeneza hati ya uongo kwa nia ya kudanganya, na nia hiyo ilikuwapo wakati wino ulipokuwa bado haujakauka. Kilichoachwa ni kosa la pili, yaani kuipeleka hati ile na kupokea fedha. La kwanza liko pale pale katika kapu la takataka.

Karani mwingine aondoa shilingi katika sanduku la fedha alizokabidhiwa, akiwa na nia kamili ya kuzirudisha mwisho wa mwezi atakapopokea mshahara. Mwisho wa mwezi azirudisha, hata senti moja haikupungua. Huyu naye ataka kusema kwamba hakuiba. Kifungu cha 268, kinachoeleza maana ya wizi, chasema waziwazi kwamba kuchukua fedha kwa nia ya kuzitumia apendavyo mwenye kuzichukua ni nia ya wizi, ijapokuwa alikusudia kumlipa mwenyewe baadaye. Na wizi unaofanywa na karani au mtumishi kwa mali ya mwajiri wake waweza kumpatia kifungo cha miaka 7. Kuzirudisha ni jema, na hakimu atalitazama, lakini si kughairi. Ni kulipa.

Hata mkulima aangalie hapo. Sheria yahesabu kwamba kitu kimechukuliwa kikisogezwa. Anayenyanyua gunia la kahawa la mwenzake kwa nia ya kuliiba, akalisogeza hatua mbili, kisha akaliweka chini na kwenda zake, ana hatari ya kushtakiwa kwa wizi uliokamilika. Na kwa nyumba ya kuishi, mtu huhesabiwa ameingia mara sehemu yo yote ya mwili wake, au ya chombo anachokitumia, inapopita ndani. Aliyevunja dirisha kwa nia ya kuiba na kuingiza mkono, kisha akautoa mkono ule mtupu, amekwisha kuvunja nyumba.

Jambo gumu kuliko hayo yote ni la wale wanaokwenda kwa kundi. Kijana huchukuliwa na wenzake. Wakifika karibu ashikwa na hofu au na aibu, arudi nyuma kimya kimya katika giza, na wenzake waendelea. Kifungu cha 21 chasema kwamba watu wakifanya shauri moja la kutenda jambo lisilo halali, na katika kulitekeleza kukatendeka kosa ambalo lingeweza kutazamiwa kutokana na shauri lile, kila mmoja huhesabiwa amelitenda. Anayetaka kujitoa lazima ajitoe kwa namna ambayo wenzake wanaifahamu, na mapema. Mahakama ya Rufani ya Uingereza ililiona jambo hili mwaka 1975 katika shauri la Becerra. Waliingia katika nyumba ya bibi mmoja mzee kuiba. Becerra alimpa mwenzake kisu. Mpangaji wa juu aliposhuka, Becerra aliwaambia wenzake waondoke, akaruka dirishani na kukimbia. Mpangaji yule alichomwa kisu akafa. Mahakama ilisema kwamba maneno machache na kuruka dirishani hakukutosha kuvunja ushirika, maana kisu alichokitoa yeye kilikuwa bado kikifanya kazi. Alihukumiwa kwa mauaji.

Wala aliyejitoa mapema na kwenda kulala hajawa huru kabisa. Kifungu cha 392 chamwona ana kosa mtu ajuaye kwamba mwingine akusudia kutenda kosa kubwa, naye asitumie njia zote zifaazo kulizuia. Kijana aliyerudi nyumbani akapita mlangoni pa mzee wa mtaa bila kubisha amelala juu ya kosa jingine.

Si nchi zote zinazomtazama mwenye kughairi kwa jicho hilo. Hapa hapa jirani, katika Kongo, kanuni ya adhabu iliyorithiwa kwa Wabelgiji yasema kwamba jaribio huadhibiwa pale tu kitendo kiliposimamishwa au kukosa kufaulu kwa sababu zisizotokana na nia ya mtendaji. Maana yake ni kwamba aliyeacha mwenyewe hakujaribu kosa. Wafaransa wana sheria ya namna hiyo hiyo. Katika Ujerumani, kifungu cha 24 cha kanuni yao chasema kwamba aliyeacha kwa hiari yake, au aliyezuia kosa lisitimie, haadhibiwi kwa jaribio. Aliyemtilia mtu sumu hawezi kukaa tu na kujuta. Lazima amkimbize kwa daktari na apone. Na kama mtu huyo aliumia tumbo kwa sumu ile, atajibu shtaka la kumdhuru, kwa kuwa hilo lilikamilika. Mwanasheria wao Franz von Liszt aliifananisha sheria hiyo na daraja la dhahabu ambalo mkosaji hujengewa ili apate kurudi. Yaani, mtu akijua kwamba akiendelea atafungwa na akiacha atafungwa vile vile, ana faida gani ya kuacha?

Hoja hiyo ina nguvu, na wanaoitetea sheria ya Kenya hawaijibu kwa urahisi. Jibu lao ni kwamba hatari ilikwisha kuonekana, kwamba ni rahisi mno kwa kila aliyekamatwa kusema alikuwa karibu kuacha, na kwamba hakimu ana nafasi ya kutosha katika adhabu. La kwanza na la pili yana uzito. La tatu lina uzito pale tu hakimu anapoambiwa habari yote, na mara nyingi haambiwi, kwa kuwa mshtakiwa asiye na wakili hajui wakati wa kuisema.

Mtu huyo husimama kizimbani na kusema, "Ni kweli nilikata waya nikitaka kumchukua ng'ombe, lakini nilighairi." Yeye aona amejitetea. Mahakama yaona amekiri nia, amekiri kitendo cha wazi, na amekiri kwamba kitendo kile kilifuata nia ile. Upande wa mashtaka hauna tena la kuthibitisha. Mwaka 1970 katika California, mtaalamu mmoja wa hesabu alionekana ana hatia kwa njia hiyo. Alikuwa amekodi chumba juu ya hazina ya benki, akatoboa matundu sakafuni, kisha akaacha. Maelezo aliyoyaandika mwenyewe, akisimulia jinsi mpango ule ulivyozidi kuonekana upuuzi machoni pake, yalitumiwa kama ushahidi wa nia yake.

Kwa hiyo maneno yale yale huwa na kazi mbili kwa nyakati mbili. Kabla ya hukumu ya hatia yaweza kumfunga, na ndiyo sababu mshtakiwa apaswa kutafuta shauri la wakili kabla ya kuyasema, kwani hakuna alazimishwaye kujishuhudia. Baada ya kuonekana ana hatia, hakimu humwuliza kama ana neno kabla ya kutaja adhabu. Wakati huo ndio wa kueleza kwamba hakuna aliyemfukuza, kwamba mti wa mlangoni aliurudisha kwa mkono wake, kwamba alikwenda kwa jirani asubuhi kukiri na kutengeneza seng'enge kabla ya askari kufika, kama alifanya hivyo. Jirani mwenyewe aweza kuitwa aseme kama ng'ombe alionekana mahali pake na mti ulikuwa umerudishwa.